Sanaa ya Arusha na Moshi Katika Dunia ya Utandawazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa wachoraji wa Ngarenaro na Sakina, wauza vinyago, waongoza watalii, walimu na wazazi wanaofika kwenye maonyesho tunayoandaa hapa Arusha. Mengine huulizwa kwa upole, mengine kwa hasira, na hasira hiyo mara nyingi ina haki. Nimeyapanga kama yanavyofuatana kwenye mazungumzo. Anayetafuta mambo ya hakimiliki na malipo tu ashuke moja kwa moja hadi sehemu ya chini.

Sanaa ya kisasa ni ipi? Ni zile picha zisizoeleweka?

Hapana. Ni sanaa inayofanywa sasa na watu wanaojibu mambo ya wakati wao. Inaweza kuwa picha ya rangi ya mafuta, kinyago, video, wimbo wa kufokafoka, au chumba kizima kilichojazwa nguo za mitumba. Kueleweka haraka si kipimo. Picha ya pundamilia iliyochorwa asubuhi ili iuzwe jioni inaeleweka mara moja, na pengine haina jambo la kukuambia.

Utandawazi unaua utamaduni wetu?

Chukua mkufu wa Kimasai unaouzwa pale soko la Maasai Market, Fire Road. Mgeni akiuvaa anaamini amevaa Afrika tupu. Lakini shanga zake ndogo za kioo kwa kawaida zimetoka Jablonec, mji wa Jamhuri ya Cheki ulioishi kwa kutengeneza kioo vizazi na vizazi. Shanga za namna hiyo zilikuja pia kutoka Venice, zikapandishwa bara na misafara ya karne ya 19, zikibebwa na wapagazi kutoka Pwani. Mama wa Kimasai hakungoja aelekezwe zitumikeje. Alizipanga kwa rangi na kwa mafungu hadi zikaweza kumwambia anayejua kusoma kama mvaaji ameolewa, ni wa rika gani, ametoka upande gani. Kioo ni cha Ulaya, akili ni ya Longido na Monduli.

Kahawa nayo ilipanda Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na wamisionari. Kufikia 1933 Wachaga walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kikiuza kahawa hiyo kwenye masoko ya dunia. Fedha ya kahawa ilisaidia kujenga shule za mlimani, na mlima huohuo ndio uliowatoa wachoraji nitakaowataja hapa chini.

Kwa hiyo mimi siamini kwamba vitu vya mbali vinatuua. Watu wa mlima na wa mbuga hizi wamekuwa wakipokea vya mbali na kuvifanya vyao kwa muda mrefu sana. Utamaduni hufa kwa sababu zilizo karibu zaidi: fundi anazikwa bila mwanafunzi, wazazi wanaona aibu kuimba na watoto kwa lugha ya nyumbani, uwanja wa sherehe unageuzwa viwanja vya kuuza. Tukiusingizia mtandao kwa yote hayo tunajisamehe mapema mno.

Basi hakuna cha kulalamikia?

Kipo, tena kikubwa. Hoja yangu, na ndiyo utakayoikuta karibu katika kila jibu la ukurasa huu, ni kwamba kusafiri kwa sanaa hakuna ubaya. Ubaya huanza pale kazi inaposafiri bila jina la aliyeitengeneza, bei yake inapopangwa na mtu mwingine, na kumbukumbu zake zinapobaki kwa wenzetu.

Mfano ulio wazi ni jina la Wamasai lenyewe. Viatu vya Uswisi vya MBT vimeitwa hivyo kwa kulitumia jina hilo. Herufi ya kwanza ni ya Masai. Katika mitindo yake ya msimu wa 2012 nyumba ya mitindo ya Louis Vuitton ilionyesha nguo za wanaume zenye miraba ya mashuka ya Kimasai. Wazee na wanaharakati wa Kimasai wa Tanzania na Kenya waliunda mpango wa kulinda mali yao ya ubunifu, wakitaka kampuni zinazojipatia fedha kwa jina lao ziombe ruhusa na zilipe. Kuna watu wanaocheka jambo hilo wakisema shuka ni kitambaa tu. Hao hao wakichukua nembo ya kampuni kubwa na kuichapa kwenye fulana pale soko la Kilombero, mwanasheria atawafikia kabla fulana hazijaisha.

Kabla ya watalii, huku Kaskazini tulikuwa na wachoraji wowote wa maana?

Hili ndilo swali linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linaulizwa na vijana wa Moshi wenyewe.

Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma na kufundisha Makerere, akaenda London kusoma kwenye shule ya sanaa ya Slade. Alichora maisha ya mlimani bila kuyapamba kwa ajili ya mgeni: watu wanavuna, wanachota maji, wanakata ndizi. Picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, MoMA, na iko kwenye hazina ya jumba hilo tangu 1960. Baada ya Uhuru alikuwa Balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Mchoraji wa Machame aliingia kwenye moja ya majumba makubwa ya sanaa duniani kwa kuchora mbege. Sijui kama kuna hoja nyingine inayohitajika dhidi ya wale wanaosema mambo ya kijijini hayana nafasi duniani.

Elimo Njau alizaliwa Marangu mwaka 1932. Mwaka 1959 alichora kutani mwa kanisa la Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu yakiwa katikati ya watu weusi na mandhari ya Afrika Mashariki, jambo lililowashtua wengi wakati ule. Mwaka 1965 alishiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi, na nyumbani kwao Marangu alifungua jumba la sanaa alilolipa jina la Kibo. Alijulikana kwa msimamo mkali dhidi ya kuiga. Moto wa mwaka 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya kazi zilizokuwa Paa ya Paa, na hasara hiyo haijafidiwa, kwa sababu picha nyingi za kizazi kile hazikuwa na nakala wala orodha mahali pengine.

Kisha yupo Everlyn Nicodemus, naye mzaliwa wa Marangu, 1954. Alihamia Sweden akiwa kijana, akarudi, na maonyesho yake ya kwanza yalifanyika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Katikati ya miaka ya 1980 alizungumza na wanawake katika mji wa Skive huko Denmark, Dar es Salaam na Calcutta, akachora kutokana na yale aliyosikia. Nauona huu kuwa mfano bora wa sanaa ya utandawazi, kwa sababu msanii alikwenda kusikiliza kwanza. Mwaka 2022 jumba la picha za watu la London, National Portrait Gallery, lilinunua picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982. Mwaka 2024 majumba ya taifa ya Scotland yalifungua maonyesho makubwa ya kazi zake za maisha yote mjini Edinburgh.

Watu watatu, wote kutoka vijiji vinavyofikika kwa daladala ya saa moja kutoka stendi ya Moshi. Mwanafunzi wa Marangu anayetaka kuziona ana kwa ana kazi za Ntiro na Nicodemus zilizo New York na London anahitaji viza. Hapo ndipo ninaposema kumbukumbu zimebaki kwa wenzetu.

Kwa nini maduka yote ya Arusha yana picha zilezile?

Kwa sababu ya saa. Mgeni anatua KIA, analala Arusha usiku mmoja, asubuhi anaelekea Tarangire au Serengeti. Kati ya hoteli na geti la hifadhi dereva anamsimamisha dukani nusu saa, naye anatumia robo ya muda huo kutafuta choo. Katika dakika zinazobaki atanunua kitu anachokitambua tayari: simba, twiga, mlima wenye theluji, Wamasai warefu wenye mashuka mekundu. Mwenye duka anaagiza kilichouzika mwaka jana. Mchoraji analipwa kwa kipande, kodi inamngoja, kwa hiyo anachora kilichoagizwa. Karakana nyingine hugawana kazi, huyu anapaka machweo, yule anaongeza mibuyu, wa tatu anamalizia wanyama. Hakuna mbaya katika mnyororo huo, lakini mwisho wake ni picha isiyokuwa na mwenyewe.

Watu huitaja Tingatinga kana kwamba ndiyo asili ya kuigana. Si haki. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 akitumia miraba ya hadibodi na rangi za mng'ao za kupaka baiskeli, kwa sababu ndizo alizoweza kuzinunua. Alipigwa risasi na polisi mwaka 1972 walipomdhania mhalifu, akiwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo, na mwaka 1990 wakawa na ushirika wao rasmi. Miongoni mwao wapo wabunifu wa kweli hadi leo. Kilichotapakaa kutoka Namanga hadi Zanzibar ni mtindo uliovuliwa majina yao.

Ni vibaya kuchora picha za watalii?

Sivyo. Ni kazi halali inayolisha familia na kusomesha watoto. Ninachowaomba wachoraji ni kutenga muda, hata kama ni wakati wa masika mji unapokuwa hauna wageni, kwa ajili ya picha moja ambayo hakuna aliyeiagiza. Picha hiyo ndiyo itakayokuingiza kwenye maonyesho.

Mimi nachonga vinyago. Naitwa fundi, siitwi msanii. Kwa nini?

Mwalimu wa kuchonga wa kizazi kilichopita angekushangaa kwa kuuliza, maana kwake fundi ni cheo. Tofauti unayoisikia imeletwa na soko: majumba ya sanaa ya nje yalizoea kuandika jina la mchoraji wa Ulaya na kuandika jina la kabila peke yake chini ya kinyago cha Afrika. Wamakonde wamelipinga jambo hilo kwa kazi zao. Samaki Likankoa anatajwa kwa jina kama mwanzilishi wa vinyago vya mashetani miaka ya 1950. George Lilanga (1934–2005) alianza kwenye uchongaji, akapitia Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, akaishia kujulikana Ulaya, Marekani na Japani kwa vinyago na michoro yake.

Kwa hiyo chonga jina lako na mwaka chini ya kitako cha kinyago. Mteja akisema jina linaharibu "uasilia", mweleze kwamba kinyago kimechongwa na mtu. Kuhusu mti, mpingo huchukua zaidi ya miaka 70 kukua hadi kufaa kuvunwa, kwa hiyo nunua magogo yenye kibali na utunze risiti. Na tafadhali usipake kiwi mbao nyeupe ukaziuza kama mpingo. Kila mgeni anayegundua udanganyifu huo anawaharibia wachongaji wote wa mji.

Hip hop ni ya Marekani. Inakuwaje mseme ni utamaduni wa Arusha?

Muulize chalii yeyote wa Chuga, yaani kijana yeyote wa Arusha. Kundi la X Plastaz liliundwa Arusha mwaka 1996 na likachanganya kufokafoka kwa Kiswahili na uimbaji wa Kimasai wa Yamat Ole Meipuko, aliyekuwa akipanda jukwaani na mavazi yake kamili. Mwaka 2004 albamu yao ilitolewa na kampuni ya Ujerumani na wakazunguka Ulaya. Walichokipeleka huko hakikuwa nakala ya New York. Wasikilizaji wa huko walikuwa na New York tayari. Baadaye wakaja Nako 2 Nako, kisha Weusi, na Joh Makini, G Nako na Nikki wa Pili wakaifanya lafudhi ya kaskazini isikike kila redio ya nchi. Mwaka 2021 Nikki wa Pili aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe, kwa hiyo wale wazazi waliosema muziki huo ni wa wahuni wana la kujibu.

Mimi naiheshimu hip hop ya Arusha kwa jambo moja hasa: rapa hutaja jina lake na mtaa wake ndani ya wimbo. Kazi hiyo haiwezi kusafiri bila mwenyewe. Wachoraji wana la kujifunza hapo.

Wageni wanaokuja kuishi hapa wanaweza kuwa sehemu ya sanaa yetu?

Wanaweza, wakikaa na kutoa. Kijijini Imbaseni, Arumeru, kuna kituo cha United African Alliance kilichoanzishwa mwaka 1991 na Pete O'Neal na mkewe Charlotte, Wamarekani Weusi waliokuwa wanachama wa Black Panther, chama cha Marekani kilichopigania haki za watu weusi. Charlotte, anayejulikana kama Mama C, ni mshairi na mchoraji, na hupiga nyatiti, ala ya Waluo. Watoto wengi wa vijiji vya jirani wameshika brashi au kipaza sauti kwa mara ya kwanza pale.

Kwa nini kwenye mazungumzo ya sanaa mnaingiza mambo ya mafuvu na makumbusho ya Ujerumani?

Kwa sababu mafuvu na vitu vya sanaa vilichukuliwa wakati mmoja na mara nyingi na mikono ileile. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha. Familia yake inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Isaria Meli, alikitafuta kwa miongo mingi. Mwaka 2018 na 2019 wasanii wa Kitanzania na Kijerumani walitengeneza maonyesho kuhusu habari hiyo, yakapita Berlin na Dar es Salaam na kuwekwa Old Moshi kwenyewe, karibu na mahali aliponyongwa. Septemba 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba kwa vipimo vya vinasaba wamepata ndugu walio hai wa baadhi ya watu ambao mafuvu yao yako huko. Mmoja wa watu hao alikuwa Akida, mshauri wa Mangi Meli.

Angalia sanaa ilifanya nini hapo. Maonyesho yaliwafanya wanakijiji, wanafunzi na Wajerumani wa kawaida wakae mbele ya jambo moja na kuzungumza. Pamoja na mifupa hiyo vilikwenda ngao, mikuki, vibuyu na mapambo, vingi vikiandikwa mahali vilipotoka na mwaka tu. Msanii wa leo anayetaka kujua babu zake walichora nini kwenye ngao analazimika kutazama picha za makumbusho ya Ulaya kwenye simu. Madai ya kurudishiwa ni madai ya kupata vitabu vyetu vya kujifunzia.

Mtu amechukua picha yangu mtandaoni na kuichapa kwenye fulana. Nina haki gani?

Haki unayo tangu siku uliyoimaliza picha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikulazimishi kuandikisha kazi ndipo ilindwe. Ulinzi unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, kwa hiyo hata wanao watarithi. Sheria inakupa pia haki ya kutajwa jina na haki ya kuzuia kazi yako isiharibiwe. Zaidi ya hapo, Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1994, maana yake picha iliyochorwa Unga Ltd inalindwa Paris na Tokyo pia.

Shida huwa ni kuthibitisha. Ndiyo maana nashauri uandikishe kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hata kama si lazima, upige picha kila hatua ya kazi tangu mchoro wa penseli, usiweke mtandaoni picha yenye ubora wa kuchapika, na usaini upande wa mbele na nyuma. Likitokea la kutokea, hifadhi picha ya tangazo la muuzaji, nunua fulana moja udai risiti, kisha andika barua ya madai kwa upole na nakala uipeleke COSOTA. Kesi nyingi za namna hii huisha kwenye barua, kwa sababu mchapaji naye anaogopa gharama.

Je, BASATA na COSOTA si kitu kimoja?

Si kimoja. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, husajili wasanii na kutoa vibali vya shughuli za sanaa. COSOTA hushughulikia hakimiliki. Kama hujui pa kuanzia, nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako. Yupo Jiji la Arusha, yupo Manispaa ya Moshi, na wengi wao hufurahi kupata msanii anayekuja kabla ya matatizo.

Duka limechukua picha zangu kwa mali kauli. Kila nikienda naambiwa hazijauzwa, lakini sizioni ukutani.

Pole sana. Hili ni donda la wasanii wengi wa mji huu. Mali kauli si mbaya yenyewe. Bila hiyo maduka madogo yasingeweza kuweka kazi za watu wengi. Ubaya ni kauli isiyoandikwa. Kabla ya kuacha kazi, andika karatasi moja tu yenye picha ya kila kazi, ukubwa wake, bei unayotaka mkononi mwako, asilimia ya duka, tarehe ya kurudishiwa isipouzwa, na nani atalipa ikichanika. Wote wawili msaini. Mwenye duka mwaminifu hatakataa. Akikwambia "tunaaminiana, dogo", beba picha zako urudi nazo nyumbani.

Na kwa zile ambazo tayari zimepotea, mwandikie ujumbe wa simu ukitaja kila kazi na tarehe uliyoiacha. Akijibu, hata kwa kukuomba uvumilie, jibu lake ni ushahidi.

Nipange bei vipi?

Jumlisha turubai, rangi, fremu, nauli na siku za kazi kwa ujira ambao fundi mzuri wa ujenzi angekubali. Hiyo ndiyo sakafu. Juu yake weka asilimia ya duka. Bei iwe ileile dukani, studio na mtandaoni, kwa sababu mnunuzi akigundua kwako ni nusu bei, duka halitakupokea tena. Kumwuzia Mtanzania kwa awamu ni jambo zuri. Kumwuzia kwa hasara kwa sababu ni ndugu yako si jambo la lazima.

Akili mnemba itatuondoa sokoni?

Itawaondoa waliokuwa wanachora machweo yaleyale. Programu hizo zimelishwa mamilioni ya picha zilizokusanywa mtandaoni, na ukiziomba soko la Afrika zitakupa soko lisilokuwa la mahali popote. Hazijui kwamba Tengeru siku ya gulio hunukia hivi na kelele zake ziko vile. Anayechora Tengeru kwa kuijua bado ana kazi. Wakati huohuo nawaunga mkono kabisa wasanii wanaodai kulipwa pale kazi zao zinapotumika kufundishia mashine.

Tanzania imewahi kufika kwenye yale maonyesho makubwa ya Venice?

Ndiyo. Mwaka 2024 ilikuwa na banda lake la taifa kwa mara ya kwanza, na waliopelekwa ni pamoja na Haji Chilonga na Lutengano Mwakisopile. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar anayeishi Uingereza, alishinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Ukitazama kazi zake utaona kanga zinavyomfuata hadi huko.

Binti yangu amemaliza kidato cha nne na anataka kusomea sanaa. Mimi mama yake naogopa. Nifanyeje?

Shikamoo mama. Hofu yako ina msingi, kwa hiyo sitakudanganya kwamba sanaa inalipa haraka. Lakini njia zipo, tena za heshima. TaSUBa ya Bagamoyo inafundisha sanaa za jukwaani na za ufundi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu. Kwa muziki hamna haja ya kwenda mbali, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, hapa njiani Usa River, kinatoa shahada. Hata sekondari, mtaala mpya umeingiza sanaa bunifu kwenye mkondo wa amali. Mpe pia masomo ya kutunza hesabu na Kiingereza cha kuandika barua, maana wasanii wengi hodari hukwama hapo. Kabla ya kuamua, njoo naye kwenye maonyesho, mkae na wasanii wa kike wanaoishi kwa kazi hii, uwaulize wewe mwenyewe wanavyolipa kodi ya nyumba.

Nikitaka kuona sanaa Arusha, niende wapi?

Cultural Heritage, barabara ya kwenda Dodoma, jengo lenye umbo la ngoma, ngao na mkuki, lina mkusanyiko mkubwa wa sanaa za Afrika nzima. Wengi wa Arusha hupita nje wakidhani ni pa wazungu tu, ingieni. Boma la Wajerumani la mwaka 1900 sasa ni makumbusho ya elimu viumbe, na Mtanzania hulipa kiingilio kidogo. Makumbusho ya Azimio la Arusha, Kaloleni, yamo katika ukumbi ambamo azimio la 1967 lilijadiliwa. Shanga ni karakana ya watu wenye ulemavu wanaoyeyusha chupa na kupuliza kioo, na kumwona fundi akipuliza kioo chenye moto kunazidi kununua bilauri. Alliance Française huandaa maonyesho na muziki mara kwa mara.

Mgeni anataka kununua kigoda cha babu kuondoka nacho. Inaruhusiwa?

Simamisha kwanza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na hata vitu vya baadaye vya matumizi ya jadi vinahitaji kibali kabla ya kutolewa nchini. Waulize watu wa makumbusho pale Boma. Na uulize ukoo.

Tunataka kuandaa maonyesho mtaani kwetu, hatuna jumba wala mfadhili. Tuanzie wapi?

Tafuteni ukuta. Ukumbi wa kanisa, madrasa, shule siku za likizo, au baa isiyokuwa na wateja mchana, vyote vinafaa. Mjulisheni mwenyekiti wa mtaa na afisa utamaduni wiki kadhaa kabla. Chagueni kazi chache zilizo nzuri, msijaze ukuta. Kando ya kila kazi bandikeni karatasi yenye jina kamili la msanii, mwaka, vifaa na bei, na maelezo yaanze kwa Kiswahili. Kiingereza kifuate chini kwa maandishi madogo. Maonyesho mengi ya mji huu hufanya kinyume, na mama muuza ndizi anayechungulia mlangoni anaelewa papo hapo kwamba hakualikwa.

Pigeni picha kila kazi ikiwa ukutani na mtengeneze orodha. Nakala moja kaeni nayo, ya pili ipelekeni maktaba ya mkoa, ya tatu mpeni afisa utamaduni. Kwa gharama za mwanzo kuna mikopo ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, lakini someni masharti ya marejesho kabla ya kusaini. Na siku ya ufunguzi wekeni daftari mlangoni ili kila anayeingia aandike jina na namba ya simu, kwa sababu wateja wa maonyesho ya pili watatoka humo.